Kompyuta Haina Neno la Maiti

Baba,

Tumeshakuzika Mgogoni, ubavuni mwa Bibi, na arubaini yako imepita. Nakuandikia kutoka mnarani, hapa uwanja wa ndege, nimekaa kwenye kiti chako. Redio ni ileile. Pale ulipokuwa ukipanga ndege kwa vipande vya karatasi, sasa pana kompyuta. Inapima umbali na mwendo, inatoa foleni ya kutua, na mimi nawasomea marubani.

Inafanya kazi vizuri, sikufichi. Lakini maiti haimjui.

Wewe uliyenifundisha kazi hii, ikija ndege yenye jeneza kutoka hospitali za Dar, uliwazungusha watalii wote juu ya mikarafuu. "Mpishe huyo, mwanangu, ana watu wanomngoja." Hapana rubani aliyenung'unika.

Siku uliyoletwa wewe nilikuwa zamu. Wenzangu waliniambia niende nyumbani, nikakataa. Nilitaka nikushushe mwenyewe. Kompyuta ikakuweka nyuma ya ndege zote za watalii. Nikataka kubadilisha, ikaniuliza sababu, nichague: hitilafu, kiongozi, au mgonjwa. Basi. Na kule Mgogoni kaburi liko wazi, watu wamekaa juani.

Nikabonyeza mgonjwa.

Jina la ndege yako likapanda juu kabisa. Gari la wagonjwa likatoka mbio kukupokea, na mimi, Baba, kwa dakika zile niliamini. Nilikuwa nakuombea upone! Kisha magurudumu yakagusa ardhi, mlango ukafunguliwa, wakashusha jeneza. Nesi akabaki amesimama na machela yake.

Mkuu wetu mpya hakunifokea. Alinipa pole, kisha akasema nimeidanganya mitambo, na tangu hapo kubadilisha foleni si ruhusa yetu tena. Nimeomba waongeze neno moja tu. Hawajajibu, na sidhani kama watajibu.

Juzi ililetwa maiti ya mtoto mchanga wa watu wa Fundo, mama yake amempakata ndani ya kanga. Walizunguka mpaka watalii wote wakatua. Sauti iliyomwambia rubani angoje ilikuwa yangu. Nimechoka, Baba. Nimechoka na nafsi yangu.

Siwezi kukuahidi kwamba watapishwa. Nakuahidi hili dogo: kila atakayezungushwa huko juu nitamsomea Fatiha mpaka atue.

Pumzika, Baba. Wewe ndiye wa mwisho niliyempisha.

Mwanao,
Mwanakhamis