Aliyekuwa Chini ya Farasi wa Mbao

Misheni, Arusha
9 Machi 1913

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, sitaficha neno, hata yale yatakayokuumiza. Tafadhali Kaka akusomee polepole, mkiwa wenyewe nyumbani, si mbele ya majirani.

Mgongo wako unaendeleaje? Mvua zimeanza huko Machame, au bado mnangoja zamu ya mfereji? Mimi ni mzima. Bibi Mzungu ametufundisha kushona mashati, na wageni wakija mimi ndiye huitwa kuwasomea. Chakula chetu ni mahindi, na mahindi tena. Natamani ndizi za kwetu mpaka naziota.

Mama, ng'ambo ya mto Themi, upande wa Kijenge, kuna uwanja ulioachwa. Watu huuita Kwa Farasi. Mdachi mmoja mwenye shamba aliujenga ili Wazungu wenzake wacheze sikukuu ya Kaisari wao. Aliweka mitumbwi ya kubembea kwenye minyororo, na jukwaa la duara lenye farasi wa mbao. Watoto wa Kizungu walipanda farasi wale, kinanda kikalia, jukwaa likazunguka. Watu wetu walitazama nyuma ya kamba. Hawakuona ng'ombe wala punda wa kulivuta, wakasema linazungushwa na mashetani. Siku hizi rangi imebanduka na magugu yamewafika farasi tumboni. Upepo ukishuka kutoka mlimani, mbao huguna. Wenyeji husema yuko mtu chini yake ambaye hakuambiwa apumzike.

Juzi tulikwenda kuokota kuni karibu na hapo. Rafiki yangu Naserian, msichana wa Kiarusha, akaanza kunitania.

"Wewe, usisogee! Yule wa chini anawapenda Wachagga."

"Kwa nini Wachagga?"

"Si ndugu yenu! Mchagga mtupu. Anatafuta wa kumpikia pombe yenu ya mbege."

Wenzangu walicheka hadi kuni zikawaanguka. Mimi sikuweza. Unajua, Mama, tangu Baba aondoke kuja huku asirudi, nikisikia habari za Mchagga yeyote aliyekuja Arusha, moyo wangu husimama.

Nikamwendea Mzee Maganga, Mnyamwezi anayelima bustani ya misheni. Zamani alikuwa mpagazi, kisha akafanya kazi kule Kwa Farasi. Hakuwahi kuniuliza jina. Huniita Mwanafunzi tu.

"Mwanafunzi, achana na mambo ya mashetani," akasema.

"Babu, shetani naye ana kabila?"

Akacheka kidogo, akaegemea jembe. Kisha kicheko kikaisha usoni pake.

Akasema hapakuwa na shetani. Chini ya jukwaa palichimbwa shimo, na mle ndani wanaume walisukuma miti mikubwa iliyoshikamana na jukwaa, wameinama, wakizunguka gizani. Wazungu walipanda juu ya vichwa vyao. Siku moja mti ulikatika, ukampiga mmoja wao kifuani. Wakapiga kelele, lakini kinanda kilikuwa kinalia, na msimamizi akawaambia wasukume mpaka wimbo uishe. Wimbo ulipoisha, mtu yule alikuwa amekwisha. Wakamzika kando ya mto, wakakatazwa kusema. Lakini maneno yalivuja. Wazungu hawakutaka tena watoto wao wapande farasi wale, na Mdachi akaufunga uwanja, akaenda zake Tanga.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikauliza.

"Msemaji! Alituchosha na habari za binti yake. Eti alijua kuhesabu kabla ya kung'oa meno ya utoto. Manka hivi, Manka vile, kutwa nzima."

Nikakaa palepale kwenye matuta ya kabichi.

"Babu, mimi ndiye Manka."

Mzee Maganga akaliacha jembe likaanguka. Akakaa kando yangu, akaniambia lililobaki. Asubuhi ya siku ile Baba alikuja na kitawi chenye majani marefu, jani moja amelifunga fundo. Wakamgombeza kwa nini analeta uchawi shimoni. Akajibu, "Si uchawi, ni cha mke wangu. Niliuza ndama wake bila kumwuliza. Kesho wapo watu wanaokwenda kwetu, nitawapa wampelekee." Wanyamwezi wale hawakujua kwamba isale ni jani la kuombea msamaha. Alipokufa, wakasema kitawi ndicho kilichomwua. Wakakichomeka juu ya kaburi lake, ili uchawi ubaki naye usiwafuate.

Mama, kimeota. Jana Mzee Maganga alinipeleka pamoja na Naserian. Masale yamenipita kimo, hakuna anayethubutu kuyagusa. Naserian hakutania tena. Aling'oa nyasi mbichi, akazishika mkononi, ndivyo kwao wanavyoomba amani, akasema, "Nisamehe, baba yetu." Nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikasali.

Kwa hiyo Baba hakutukimbia. Wanaosema ameoa huku, waambie wanyamaze. Huna haja ya kutega sikio tena kila mbwa akibweka njiani.

Mwambie Bibi, mama yake Baba, kwa upole, na umpe kwanza kitu cha moto anywe. Msalimie Shangazi, maneno aliyokuwa akiyasema juu ya kaka yake simhesabii. Msalimie Mjomba aliyenisindikiza mpaka mtoni nilipoondoka, na Kaka anayekusomea. Mwambie asilie kabla ya kumaliza.

Mwalimu wa dini aliyekuletea barua hii atakaa Machame siku chache tu, kisha atarudi huku. Mpe jibu lako. Nimeruhusiwa kuja nyumbani shule ikifungwa, na ningeweza kukata isale moja pale kaburini, nilifunge fundo kama alivyolifunga yeye. Lakini kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe, nami sitaki kukulazimisha. Ndama alikuwa wako, na miaka ya kungoja ilikuwa yako. Ndiyo maana nauliza kwanza: Mama, nikuletee?

Mwanao akupendaye,
Manka