Niliandika Mbolea

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi chuoni, alasiri kiwandani. Kibarua hiki cha ukalimani wa Kichina kinanichosha. Laoban, bosi wa hiki kiwanda cha kutia vitambaa rangi, amenuna tangu abadilishiwe mkaguzi wa mazingira. Yule wa zamani alikuwa mlaji, sasa yuko ndani. Huyu mpya hapokei hata sigara. Chai aliikataa akiwa wima. Mfereji wa nyuma haupitishi tena maji ya buluu. Nimefurahi, nikajiona mtu mwema.

Jumatano, 8 Mei

Nimeona mapipa yakifunguliwa uani. Tope la rangi, linachoma pua. Laoban anasema yanakwenda Mombasa, niandike karatasi za mzigo kama zile za Januari.

Za Januari niliandika mbolea. Ya Rabi. Alisema feiliao: kwa Kichina sauti ikipanda ni mbolea, ikishuka ni taka. Mimi na ujuaji wangu nikasikia imepanda. Sikuuliza. Kumbe kosa langu lilimfaa.

Leo nimesikia vizuri kabisa. Nikabisha kidogo. Akanikumbusha, kwa upole, kwamba viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi. Nikaandika mbolea tena. Kwa mkono wangu, kwa watu wa kwetu. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 10 Mei

Kontena liko bandari ya Huangpu, linasubiri meli. Nimemweleza Zuhura, Mtanga ninayekaa naye chumba kimoja. Nilitaka anifariji. "Huku mkaguzi hali tena, kwa hiyo uchafu mnaupeleka kwa wanaokula," akasema, akaendelea kupiga pasi.

Mnaupeleka. Amenitia humo humo. Nimekasirika siku nzima, na sina haki ya kukasirika.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda ofisi ya mazingira mwenyewe. Mkaguzi akauliza, feiliao gani? Safari hii sikuiamini sauti yangu. Nikaandika herufi ya taka kiganjani, nikamwonyesha.

Nani aliandika mbolea? Mimi. Mara mbili.

Akapiga picha pasipoti yangu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Jioni nimeambiwa kontena limezuiwa. Chuo kinaniita Ijumaa. Huenda nikarudishwa nyumbani. Nastahili.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Nimefua, nguo hazikauki.

Nimempigia Salim, wakala wa Mombasa aliyepokea mzigo wa Januari. Kabla sijafungua mdomo akaanza kushukuru. "Dada, ile mbolea kiboko. Wakulima wangu wa Kisauni wanasema mchicha haujawahi kunawiri hivi. Sokoni unagombewa."

Nikamwambia haikuwa mbolea. Ni taka za kiwanda, zina sumu, wang'oe mchicha wote, wasiuze hata fungu moja. Nikamwambia aliyeandika ni mimi.

Nilimsikia akizima redio.

"Na waliokwisha kula je?"

Nikasema sijui.

Hakunitukana. Alisema atawapigia wote leo, lakini kwanza ampigie mkewe.