Baba Imali Alivyokuja na Watu wa Mkataba

Buyangu, Alhamisi, Oktoba 1997

Asubuhi jua kali, mchana mvua yetu ya kila siku, na sasa jioni kumetulia. Moyo wangu ndio haujatulia.

Leo nimemwita mume wangu "Bwana Afisa" mbele ya watu.

Baba Imali alikuwa afisa wa msitu hapa Buyangu. Kenya ilipoingia katika ule mkataba wa dunia wa kuhifadhi mimea na wanyama, ilitakiwa kuandika mpango wake na kutoa ripoti ya yale inayoyafanya. Nairobi wakatafuta watu wanaoijua misitu, wakamchukua yeye. Nilijivunia, kweli. Sikujua kwamba kuandika habari za msitu kungemweka mbali nao hivi.

Na mbali nasi.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa, mjini Kakamega. Nilikwenda kama katibu wa kikundi cha akina mama wanaookota kuni. Yeye aliketi mbele na wageni, amevaa shati jeupe ambalo sikulifua mimi. Hotuba zilipita, mimi nilikuwa nalitazama lile shati.

Kisha mwenyekiti wao, mama mmoja mpole kutoka Nairobi, akaanza kutusomea rasimu ya ripoti. Akafika kwenye msitu wetu: "Afisa wa msitu hukutana na wanakijiji kila mwezi, na hupanga nao siku za kuokota kuni."

Nikainua mkono kabla sijajua nitasema nini.

"Bwana Afisa, hiyo mikutano iko wapi? Ulikuwanga unaiitisha wewe. Tangu uende, nyumba ya afisa imefungwa. Tukiingia msituni tunafukuzwa, na hakuna wa kumuuliza."

Akina mama wakapiga makofi. Wao wanajua fika ni mume wangu. Mwenyekiti hakujua.

Akasimama polepole. "Mama Imali anasema kweli. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Nilipokuwa naiandika, niliona ni kama bado niko Buyangu."

Mwenyekiti akauliza kama haiwezi kubaki hivyo hivyo, maana mkataba unataka nchi ionyeshe inavyowashirikisha wananchi.

"Hapana," akasema. "Iandikwe hali ilivyo. Mikutano hakuna, kwa sababu afisa hakuna."

Ikafutwa pale pale, tukiona, ikaandikwa alivyosema.

Baadaye wakamruhusu afike nyumbani kidogo. Nilikuwa nimechinja ingokho, kuku wetu wa nyumbani, tangu asubuhi. Nikasonga obusuma, ugali wetu, upesi. Imali alijificha nyuma ya sketi yangu, akaniuliza huyu mgeni anaitwa nani. Baba yake alitabasamu, lakini chakula hakukimaliza.

"Huko tunakaa ghorofani," aliniambia mlangoni. "Hata mvua haisikiki."

Nilitaka kumshika mkono. Dereva akapiga honi.

Tangu gari liondoke najiuliza: nilisimama pale kwa ajili ya kuni za wenzangu, au kwa ajili yangu mwenyewe? Sijui. Labda vyote viwili.

Sasa ripoti itasema Buyangu haina afisa. Huenda wakubwa wakaona haya mbele ya mataifa, wakatuma mtu. Yeyote watakayemtuma nitampokea vizuri, nitamkutanisha na akina mama, nitamwonyesha njia zetu za kuni.

Ila Mungu anajua ni nani ninayeomba arudi.