Wimbo Uliorushwa Sebuleni

Jumatano, 16 Desemba 2009
Dada Eunike amefika kutoka Dar! Kaleta kidude cheusi, kidogo kama kiberiti. Unakichomeka nyuma ya redio kubwa ya Baba, halafu wimbo ulio kwenye simu unatokea kwenye spika — bila waya! Ni mambo ya bluetooth. Nikamwambia Bibi nitamrushia wimbo. Akafunika kikombe chake kwa kiganja.
"Karushie nje! Humu utavunja vyombo."

Jumamosi, 19 Desemba
Mwalimu wa kwaya kanichagua niimbe ubeti wa pili kesho, peke yangu. Mimi! Bibi sijamwambia. Aliongoza sauti ya kwanza miaka mingi, na Pasaka alisema sauti yangu bado ndizi mbichi. Hakukosea. Lakini tangu hapo nafanya mazoezi mgombani, nikikata majani ya ng'ombe. Mguu haumruhusu Bibi tena kupanda hadi kanisani. Dada atanirekodi kwa simu yake.

Jumapili, 20 Desemba
Nimeimba. Sikutetemeka! Mama kafuta macho kwa ncha ya kitenge.
Jioni Bibi kapewa simu asikilize kwaya, bila kuambiwa nani anaimba. Akairudisha. "Nzi ndani ya chupa."
Basi, redio kubwa. Nikabonyeza "tuma". Kimya. Mara ng'ambo ya uzio najisikia naimba! Kumbe nimeurusha kwenye simu ya jirani yetu, Ebenezeri, naye kaupokea.
"Asante, mdogo wangu! Rusha na mwingine!"
Aibu! Kisha umeme ukakatika.

Jumatatu, 21 Desemba
Umeme umerudi. Dada kacheka sana: wimbo hautumwi. Unaunganisha simu na kidude kwanza, kisha unaupiga kama kawaida. Nimeunganisha mwenyewe. Taa ya bluu ikawaka! Nikaenda na simu jikoni, Bibi asinione, nikabonyeza.
Kanisa zima likaingia sebuleni — hata yule mzee anayekohoa. Ubeti wa pili ukafika. Nikashikilia mwiko tu.
Wimbo ukaisha. Nikamsikia Bibi akimwuliza Mama huyo ni binti wa nani. Mama akacheka tu, mjanja!
"Huyu kaiva," Bibi akasema. "Mwiteni aje anisalimie."
Mama anaita. "Doris!" Naandika nimekalia gunia la mahindi, vidole vina masizi. Anaita tena. Shikamoo yangu nitaitoa kwa sauti ipi —