Kaseti ya Majembe

Malili,
14 Agosti 1988

Kwa kaka Mutunga,

Programu yangu ya majembe ilifutwa Jumapili ya tarehe 31 Julai, hapo nyumbani Ikutha, na aliyeifuta ni kwaya yako. Tarehe umeitangaza mwenyewe mwanzoni mwa kaseti. Nimeisikiliza pande zote mbili. Upande wa kwanza ni nyinyi mnaimba, upande wa pili ni nyinyi tena, na katikati unasikika ukisema, "Soprano, acheni kukimbia, hakuna anayewafukuza."

Ndiyo maana salamu zimekuja nyuma. Hujambo? Goti la Mama linaendeleaje? Mbuzi wamepona kikohozi? Mimi ni mzima wa mwili.

Sasa nikueleze ulichofuta, maana najua utasema hukujua. Ile kompyuta yangu ndogo ninayounganisha na televisheni ikikosa umeme inasahau kila kitu. Ili isisahau, inanilazimu niirekodi kazi kwenye kaseti, na inatoka kama mlio. Ule mlio ndio kazi yenyewe. Nakala ya hapa Malili ilipindwa na joto la mabati mwezi wa pili, ndiyo nikaleta ya pili kwako, kwa nyumba ya nyasi yenye baridi. Upande mwingine nilikuwa nimerekodi majembe ya mwethya ya kina Mama, wale wanawake wanaosaidiana shamba kwa shamba, wakichimba mitaro kwa Ndinda. Miezi minane nimekaa nikigeuza yale majembe kuwa namba, na namba kuwa muziki.

Tarehe 15 Oktoba ninapiga Nairobi, katika ukumbi mmoja anaousimamia mama anayeitwa Nyawira. Alisikia nusu ya kazi akanipa siku. Sina la kumpigia. Naomba uwaulize wanawake wa mwethya kama naweza kuja kuwarekodi tena kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikianza hakuna atakayechimba mtaro mpaka mwaka ujao. Wewe ndiye sekretari wao.

Dada yako,
Kalunde


Ikutha,
23 Agosti 1988

Kwa dada yangu Kalunde,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo. Goti la Mama ni lile lile, mbuzi mmoja alikufa, wengine wanakula.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikaona nimeitwa mwizi. Mimi niliweka kaseti kwa redio, ikalia kama sufuria inayoburutwa kwa mawe. Mke wangu akasema zima, mtoto anaamka. Nikajua hiyo kaseti imeharibika. Upande wa pili, watu wanachimba. Nani anahifadhi kelele za watu wakichimba? Hapa tunazisikia bure. Askofu anakuja tarehe 15 Oktoba kufungua kanisa, kwaya haikuwa na kaseti ya kufanyia mazoezi, na wewe juu yake uliandika MAJEMBE 4 peke yake. Ungeandika USIGUSE.

Kuhusu mwethya, wanawake wamekataa. Wanasema mara ile uliwasumbua na maikrofoni. Usiwalazimishe.

Na nikuambie kama kaka. Watu wakiniuliza unafanya nini huko barabarani, nasema unatengeneza redio. Hiyo inaeleweka. Hii nyingine sijui niseme ni nini. Kama unataka muziki, kwaya iko. Njoo uturekodi, tuna sauti nne na tunaanza pamoja kama mtu mmoja.

Kaka yako,
Mutunga


Malili,
30 Agosti 1988

Kwa kaka Mutunga,

Natumaini barua inawakuta wazima. Pole kwa mbuzi. Hapa vumbi ni lile lile.

Sikukuita mwizi. Nilisema umefuta, na umefuta. Kuhusu jina juu ya kaseti, hapo uko sawa. Sasa nimeandika USIGUSE kwa rangi nyekundu juu ya kila kitu, hata kikombe.

Kwaya yako siwezi kuitumia kwa sababu ileile unayoisifia. Mnaanza pamoja kwa kuwa mkono wako unawaanzisha. Majembe hayana mkono. Mama ndiye ngui, yeye anaongoza wimbo, na majembe kumi na manane yanaufuata, lakini hakuna mawili yanayogusa udongo kwa pamoja. Nilipima. Kati ya la kwanza na la mwisho kuna karibu nusu sekunde, na ndani ya hiyo nusu sekunde kila mwanamke ana mahali pake. Ukiyafanya yaanguke pamoja unasikia kiwanda. Ukiyatawanya ovyo unasikia mawe yakimwagwa. Mimi ninachotafuta kiko katikati, na sijasikia mtu mwingine anayekitafuta.

Kazi nimeianza upya kwa kichwa. Robo imerudi. Umeme natumia betri ya lori ya Abukar, yule mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini anayelala hapa akielekea Mombasa. Alisikiliza akaniambia, "Kalunde, hiyo ni mifugo yangu ikishuka kwenye lori." Nikamwambia angalau yeye ametaja kitu chenye miguu.

Naomba jambo moja. Hii barua msomee Mama yote, kwa sauti, bila kukata.

Dada yako,
Kalunde


Ikutha,
19 Septemba 1988

Kwa mwanangu Kalunde,

Mimi ni mamako, Kasyoka. Mkono ni wa Mutunga lakini maneno ni yangu, na ameapa ataandika yote. Hujambo mwanangu? Unakula? Mimi goti linauma nikikaa, nikichimba halinisumbui, kwa hiyo nachimba.

Barua zako mbili nimesomewa siku moja, jana. Ya kwanza ilikuwa imewekwa ndani ya kitabu cha nyimbo. (Nilikuwa nangoja Mama apumzike. Mutunga.) Sikuwa nimechoka, andika hivyo.

Wanawake hawajakataa. Hawajaulizwa. Nimewauliza mimi mwenyewe. Lakini wana neno na wewe, na ni kweli. Mwaka jana ulikuja kwa mwethya ukasimama. Unajua kwetu hakuna anayesimama kwenye mwethya. Hata mjamzito anabeba maji. Wewe ulishika fimbo yenye waya, ukazunguka watu wanatoka jasho, halafu ukaondoka na sauti zao na hukurudi kuwaambia ulizifanya nini. Ndinda anasema hata mbuzi ukimkamua unamrudishia majani.

Sasa wanasema hivi. Tarehe 27 tunachimba kwa Mutindi. Njoo na jembe. Uchimbe. Maikrofoni ning'iniza kwa mti ijisimamie. Ukimaliza, utuwashie hiyo mashine tusikie. Kama si sisi, tutakuambia.

(Mama amesema nisiongeze kitu. Nimeongeza tu kwamba sikuwa na nia mbaya.)

Mama yako,
Kasyoka


Malili,
7 Oktoba 1988

Kwa kaka Mutunga,

Hamjambo huko? Mimi viganja vimeanza kukauka. Nashika kalamu kama mtu mwenye glavu.

Nakuandikia wewe kwa sababu siku ile kwa Mutindi ulikaa upande wa ng'ombe ukajifanya unafunga kamba. Najua uliona, lakini nataka tuseme kitu kimoja.

Uliona nilivyoanza na nguvu. Uliona pia nilivyobaki nyuma kabla jua halijapanda vizuri. Ndinda akaniuliza, "Mtoto wa Kasyoka, hilo jembe ni lako au umeazima na mikono?" Wakacheka mpaka mstari ukavunjika. Halafu Mama akafanya kitu ambacho miezi minane yote sikuwahi kukipima. Alivuta neno la mwisho la ubeti. Akalivuta, akalivuta, mpaka jembe langu likaanguka, ndipo akachukua ubeti mwingine. Hakuniangalia hata mara moja. Na nikamsikia akimvutia Mutindi hivyohivyo, na yule bibi mzee wa mwisho mstarini. Mwaka jana nilikuwa nimesimama na fimbo yangu, kwa hiyo hapakuwa na jembe langu la kungojwa.

Ile kazi uliyoifuta haikuwa na hilo. Ilikuwa na nusu sekunde zote mahali pake na hakuna aliyekuwa anachoka. Nilipoiwasha ile robo iliyorudi, wanawake walisikiliza kwa adabu, halafu Mutindi akauliza kama hao wa ndani ya mashine wameanza tu asubuhi hii. Hiyo haimaanishi nimekushukuru. Ilikuwa ni kazi yangu kuitupa, si yako.

Nimeandika mpya, nayo imekwisha. Iko kwenye kaseti mbili, moja hapa na moja kwa Nyawira. Maikrofoni nimeiingiza kwenye tundu lile ambalo kompyuta husomea kaseti, kwa hiyo sasa inasikia. Mwimbaji akivuta neno, majembe yanangoja. Akiacha, yanaanguka, na kadiri wimbo unavyokwenda baadhi yanachelewa zaidi. Nilijaribu kumwekea ngui wa namba, nikashindwa. Mashine haijui imngoje nani. Mama anajua. Bila Mama, Nairobi nitapiga majembe yanayongoja mtu asiyekuja.

Mama amekubali. Nimemwuliza mwenyewe tukiwa wawili, akasema atakuja ukimleta, kwa sababu goti halimruhusu kupanda na kushuka gari peke yake. Mimi lazima niwe ukumbini tangu Ijumaa asubuhi kufunga nyaya, mkeo ana mtoto mchanga, na hatuna mtu mwingine. Najua Jumamosi hiyohiyo ni ya askofu. Najua kwaya ni yako na umeifundisha kwa miaka. Lakini mwalimu Karanja ameshawahi kuiongoza ulipougua, na nyinyi mnaanza pamoja, umesema mwenyewe. Mama hana wa kumshikia nafasi.

Usiniandikie kwamba utaona. Usiniandikie kwamba Mungu akipenda. Basi la Ikutha linapita hapa Jumatano saa sita mchana, na utingo anajua duka langu. Mpe karatasi. Nitakuwa nimesimama barabarani.

Unamleta Mama Ijumaa, au humleti?

Dada yako,
Kalunde