Sentimita Ishirini na Mbili za Uzi

Juu ya Duka la Cherehani,
S.L.P. 214.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za wodini, na hiyo baridi yenu? Goti limepona? Sisi hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini anapiga soga kama kawaida. Mimi nimeingia darasa la saba na nimelipita kabati la vikombe kwa urefu.

Barua yako tuliisoma sote mezani. Tulipofika pale unaposema likizo ya wiki moja itaishia njiani, Babu aliinuka akarudi kwenye cherehani. Nakueleza sababu, maana yeye hatakueleza. Mwezi wa sita anamkabidhi mwanafunzi wake duka. Tundu la sindano halioni tena. Mimi ndiye ninayemtungia uzi kila nitokapo shule. Anataka gauni lake la mwisho liwe lako, na vipimo vyako daftarini ni vya miaka sita iliyopita.

Basi nikaamua kuipima safari yenyewe. Babu alitandaza ramani ya ukutani juu ya meza ya kukatia, akanyoosha utepe wake kutoka uwanja wenu wa ndege hadi wetu. Tulipata kilomita 13,600, yaani saa kumi na sita angani. Baba akasema utashuka umeshazeeka, tusikutambue.

Kesho yake nilimwonyesha mwalimu wa jiografia hesabu zangu. Alicheka kwa upole, akaniazima tufe la dunia. Nikanyoosha uzi juu yake: sentimita ishirini na mbili tu. Kila sentimita ni kilomita 425, kwa hiyo ni kilomita 9,350. Kwa ndege ya kilomita 850 kwa saa, ni saa kumi na moja. Mwalimu alisema dunia ni mviringo, na wachora ramani huivuta ili ilale bapa, hasa huko kaskazini kwenu. Babu alielewa kabla sijamaliza kumsimulia.

"Kumbe kitambaa kimevutwa," akasema, "na mimi fundi mzima nikakipima."

Dada anayekata tiketi hapo jirani alinisahihisha: hakuna ndege ya moja kwa moja, na kubadilisha kutakula saa nne. Hata hivyo, ukitoka kazini Ijumaa ukaruka saa moja jioni, utatua hapa Jumamosi saa kumi na moja jioni, kwa kuwa sisi tumewatangulia kwa saa saba. Saa hizo utarudishiwa. Ukiondoka Jumapili ya wiki inayofuata saa nne asubuhi, utafika kwako siku hiyo hiyo saa kumi na mbili jioni. Zinabaki siku saba nzima, Shangazi. Nimezikagua mara tatu.

Msalimie sana Mjomba, mumeo, na wanao mapacha watukutu. Baba na Mama wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na akufungulie njia.

Uzi wenyewe umo ndani ya bahasha. Nilimwomba Babu nikutumie uwe kumbukumbu, akakataa. "Mwambie nimemwazima," akasema. "Aurudishe mwenyewe, nimpime mabega."

Kitambaa ni cha buluu. Bado hajakikata.

Wako akupendaye na kukungoja,
Binti wa kaka yako, mtunga uzi wa Babu.