Barua Niliyoiandikia Presha Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefungua baraza langu hapa sokoni Kakola kama kawaida. Wateja wawili, wote wachimbaji, wote wakilalamikia duara moja, shimo lilelile la dhahabu. Malalamiko ya kila mmoja nimeyaandika kwa ufasaha uleule, bila upendeleo. Muuza karatasi siku hizi ananiuzia zenye unjano. Nimemkemea.

Mistari inaniponyoka. Jicho la kushoto limekwisha kuzibwa na mtoto wa jicho. La kulia linafuata. Madaktari wa macho watafika hospitali ya wilaya mwezi ujao. Watanipasua kwa sharti moja: presha ishuke. Ikibaki juu, damu yaweza kuvuja ndani ya jicho, nami nitarudishwa nyumbani. Mwandishi wa maombi asiyeona ni mwandishi wa nini?

Nimepewa vidonge vya kila asubuhi. Daktari akaongeza: punguza mawazo, mzee. Mawazo ndiyo kazi yangu.

Naogopa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Redioni mtaalamu mmoja ameeleza kwamba mwili huisikiliza nia ya mwenyewe. Hofu hupandisha presha, utulivu huishusha. Alikuwa ameanza kuzungumzia dawa nilipoitwa na mteja.

Nimeiandikia presha yangu barua rasmi. YAH: KUSHUKA KWAKO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unaamriwa kushuka mara moja na bila masharti. Nimetia sahihi. Nitaisoma kila asubuhi kwa sauti, nikiwa nimesimama wima.

Mke wangu alinisikia akiwa jikoni. "Baba Kulwa, na nakala umempelekea nani? Mtendaji wa kata?" Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni.

Jumanne, 22 Oktoba

Imeshuka! Muuguzi wa zahanati kapima mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza sikumwamini.

Barua imefanya kazi. Kwa hiyo sioni tena haja ya vidonge. Anayetoa amri haombi msaidizi. Nimeviweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Mama Kulwa sijamwarifu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Usingizi haba. Kichwa kizito. Nimebadilisha "unaamriwa" kuwa "unaagizwa", kisha nikarudisha.

Jumanne, 29 Oktoba

Imepanda kupita ilivyokuwa mwanzo.

Muuguzi aliuliza habari za vidonge. Nilianza kumjibu kwa sentensi yenye utangulizi. Akaikata: "Babu, umemeza au hujameza?" Sijameza. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kuhusu barua. Nilikosea kumweleza kwa sauti. Benchi zima lilisikia.

Kijana mchimbaji mwenye bandeji mguuni alidakia: "Mzee wa Barua, basi iandikie presha barua ya kuiachisha kazi!" Zahanati ikacheka, muuguzi naye. Kisha akasema bila kucheka kwamba iliyoshuka ilishushwa na vidonge, na vikiachwa hupanda hivi hivi.

Nyumbani nimemwambia Mama Kulwa yote. Nilitarajia mzaha. Hakufanya mzaha, na hilo ndilo limeniuma. Alisogeza sufuria, akaleta kidonge na kikombe cha maji, akasimama mbele yangu mpaka nikameza.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nasikia mapigo ya moyo sikioni. Nayahesabu, yanaongezeka kwa kuhesabiwa. Najiamuru nitulie, amri yenyewe inanitetemesha. Nikiacha kuamuru, naogopa kwamba nimeacha.

Vidonge namezeshwa kila asubuhi kama mtoto.

Jumanne, 12 Novemba

Hospitali ya wilaya. Zahanati juzi presha ilikuwa nzuri. Leo, nilipouona tu ule mlango wa chumba cha upasuaji, ilipanda. Barua niliisoma kimyakimya nikiwa nimefungwa mkanda wa kipimo mkononi. Ikapanda tena.

Daktari hakunigombeza. Anasema dawa inafanya kazi yake, sasa ni hofu. Atanipima kesho asubuhi kwa mara ya mwisho. Keshokutwa msafara wao unaondoka.

Tumefikia kwa ndugu wa Mama Kulwa.

Jumatano, 13 Novemba

Mama Kulwa kaja hospitalini na kiroba cha karanga. Mvua imenyesha, mbegu inatakiwa, na mbegu hubanguliwa kwa mkono. Mashine huipasua, haioti. Akanimwagia nyingine mapajani, mbele za watu. Nilikataa. Mtu wa kalamu! Akauliza kama nimeona kazi nyingine ya kufanya hapo.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja aliyetoka Didia, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Alichota konzi ya karanga bila kuombwa, akaanza kubangua. Baada ya muda akapapasa rundo langu.

"Huyu anavunja mbegu. Umekulia wapi, wewe?"

Samuye, nikasema.

"Samuye wanajua kubangua. Labda wewe ulikuwa umejificha."

Benchi likacheka. Akanishika kidole gumba: bonyeza nchani, siyo katikati. Ganda likaachia lenyewe. Nikaazimia kumshinda bibi yule. Karanga hazidai macho, wala hazidai maneno. Rundo langu lilikua. Lake lilikua zaidi, tena huku akinihoji ukoo wangu.

Muuguzi aliponishika mkono nilimwomba afanye haraka, bibi ananiacha.

Akasoma kipimo. Akamwita daktari. Daktari akasoma.

"Mzee, twende."

Maganda yaliniponyoka mapajani nilipoinuka. Mama Kulwa ndiye aliyeniandikia siku hii, kwa maneno yangu, nikiwa na bandeji. Mwandiko wake umenyooka kuliko wangu.

Alhamisi, 14 Novemba

Bandeji imetolewa. Naandika machache.

Shuka ni jeupe. Ukuta ni mweupe. Karatasi hii ni nyeupe; muuza karatasi nitamwomba radhi.

Bibi wa Didia naye anaona kwa jicho moja. Amenitazama sana, akasema alinidhani mrefu zaidi.

Nimejaribu kutenganisha kazi ya kidonge na kazi ya karanga. Nimeshindwa. Barua iko mfukoni. Leo sikuisoma.

Mama Kulwa amenipa kidonge. Nacho ni cheupe. Mwezi mzima nimekiita cha njano.

Nimekimeza mwenyewe, kwa nia.